Nusu ya Maneno ya Mama Mkubwa

Siku ya kumwaga zege la msingi naikumbuka mpaka leo, mwanangu, ingawa mengi ya ujana yamenitoka. Gesi ya Mnazi Bay ilikuwa imeleta wageni Mtwara, na kila mwenye kiwanja alijiona tajiri mtarajiwa. Mimi nilikuwa na kiwanja kando ya barabara iendayo Msimbati, na shamba la mikorosho kule Ziwani nililoachiwa na marehemu mama. Nikaliweka shamba dhamana kwa wakopeshaji, nikaanza kujenga gesti ya watu wakubwa: kila chumba na bafu lake, na mbele ukuta mtupu.

Rafiki zangu walinisifu. Mama mkubwa, Bi Somoe, dada yake mama, hakunisifu. Alikuwa akipangisha vyumba tangu sijaolewa, na chumba chake hakikukaa kitupu. Alikuta mafundi wanachanganya zege, akauzunguka msingi wote, kanga kiunoni.

"Wageni hawa wakiondoka, humu atakaa nani?"

"Watakuja wengine, mama. Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone?"

"Wanasema. Hawajasema mgeni abaki."

Fundi akacheka. Mimi nikaona haya, na haya yenyewe ikageuka hasira. Yeye hakujali. Akataka ukuta wa mbele uachiwe nafasi za milango, ili wageni wakikosekana vyumba vile viwe fremu za maduka. Kisha akauliza mkopo unalipwaje. Nikamwambia kila mwezi.

"Kila mwezi! Kwani mikorosho ya mama yako inazaa kila mwezi? Rudi kwao kabla hujachukua fedha yote. Waombe malipo makubwa yaangukie msimu, korosho zikishauzwa, miezi mingine ulipe kidogo. Wakikataa, jenga nusu, nusu nyingine isubiri."

Hapo, mwanangu, nikafanya ujanja wa vijana: nikasikia nusu. Nafasi za milango niliziacha, ili anyamaze. Kwa wakopeshaji sikurudi, maana niliogopa wataniona mtu asiyejiamini.

Gesti ilijaa kwa muda. Kisha kazi za gesi zikapungua, wageni wakaenda zao. Tukaifungua milango ya mbele. Fundi cherehani akaingia, na mama mmoja mwenye asili ya Msumbiji akapanga fremu ya vitenge. Kodi zao ziliilinda nyumba, lakini hazikufikia rejesho la mwezi. Msimu wa korosho ulikuwa bado mbali, na wakopeshaji walikuwa na mkataba wenye sahihi yangu. Shamba likauzwa. Mama mkubwa hakuniambia "si nilisema." Alikuja tu, akakaa jikoni kwangu, tukamenya mihogo.

Nyumba ninayo, na inanilisha. Siku hizi korosho za kukaanga nazinunua kwa mwenye shamba lile. Ananipimia vizuri, sina neno naye. Ila naumia, mwanangu, kwa sababu miti ile mama aliipanda kwa mkono wake, akiwa na mimba yangu.

Basi ukijenga, jenga nyumba inayoweza kubadili kazi bila kubomolewa. Ukikopa, tafuta masharti yanayofuata pato lako linavyoingia, na uulize mapema yanaweza kulegezwa vipi hali ikigeuka. Kuuliza si unyonge. Usiache mbachao kwa msala upitao, na huo mbacha usiuweke rehani wote kwa biashara moja. Na mkubwa wako akikupa maneno mawili, usichague lile jepesi ukadhani umemheshimu.

Mungu akupe paa lisilovuja na wapangaji wenye adabu. Akujalie moyo wa kurudi nyuma hatua moja bila kuona haya, na siku yako ikifika, uzikwe katika ardhi ambayo bado ni ya kwenu. Amin.