Shavu Lisivuje

Juzi daktari aliziba kidonda cha mjukuu wangu shavuni kwa gundi, na mtoto hata hakulia.

Changu, nilipokuwa mtoto, kilizibwa na nyanya yangu, nyumbani Kulamawe, baada ya pembe ya mbuzi kunipasua shavu. Aliikutanisha ngozi kwa miiba ya mgunga, akaifunga kwa singa za mkia wa ng'ombe, akakandika manemane juu, vilevile alivyoziba vibuyu vyetu vilivyopasuka. Vibuyu hivyo havikutiwa maziwa mpaka vikauke.

Jioni aliponiletea maziwa yanayonukia moshi, nilikataa.

"Kunywa, mama."

"Bado sijakauka, nyanya. Nitavuja."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaweka kiganja chini ya shavu langu. "Kunywa. Yakivuja nitayadaka."

Juzi mjukuu alipokunywa maziwa yake, kiganja changu kilikwenda chenyewe chini ya shavu lake.