Siku Kuntala Alipoandikwa Mkulima

Shangazi Kuntala alipofiwa na mumewe, kijiji kizima hapa pwani ya Odisha kilingoja kuona atafanya nini na banda la kukuzia tambuu aliloachiwa. Kwetu mwanamke haingii humo. Wazee husema majani yataoza. Matanga yalipokwisha alioga, akavua ndala mlangoni kama wafanyavyo wanaume, akaingia.

Shemeji yake, Nityananda, alisimama nje akifoka. "Utatuletea mkosi wewe!"

"Mkosi ni uvivu wako, shemeji," sauti ikatoka ndani. "Nenda kalale."

Majani hayakuoza. Miaka tisa aliyapeleka sokoni, mapana, laini, yamepangwa hamsini hamsini, na wanunuzi walimtafuta yeye kwanza. Nityananda alikuwa akipita njia ya mbali.

Ndipo kikaja kimbunga. Tulijibanza shuleni siku mbili. Tuliporudi, banda lilikuwa limelala chini, mianzi vipande vipande, mitambuu imejisokota matopeni. Bima ya chama cha ushirika ilikuwa ya mpunga tu, tambuu haikuwamo. Shangazi hakulia. Alikaa kwenye kizingiti akala wali wa jana uliolowekwa maji, na kitunguu. Hilo ndilo lililotutisha.

Serikali ikatangaza msaada kwa waliopoteza mazao yasiyo na bima. Karani akaja na futi yake ya kupimia.

"Mkulima yuko wapi?"

"Unaongea naye."

"Mama, usinitanie. Wanawake hawaingii kwenye tambuu, hata mimi mtu wa mjini najua. Nipe jina la mwanamume."

Shangazi akainama, akaokota jani topeni, akalifuta kwa ncha ya sari. "Hili lilikuwa tayari kuchumwa, au bado?"

Karani akaligeuza-geuza. "Nitajuaje?"

"Mimi najua. Basi andika."

Watu wakacheka, karani akaona haya, na haya ikamtia hasira. Akamwona Nityananda, aliyekuja kutazama kama sisi wote. "Wewe si ndugu wa marehemu? Nakuandika wewe, tumalize."

Upepo ulikuwa umeng'oa paa la Nityananda, na wanawe walilala chini ya turubai. Nilijua atakubali. Ningekuwa yeye, ningekubali.

Akajikuna shingo. "Mimi? Mara ya mwisho kuingia humo nilikuwa bado na nywele. Mkulima ni huyu. Andika Kuntala Swain, nami shahidi, naweka dole gumba."

Shangazi akalitazama dole lililojaa tope.

"Lioshe kwanza hilo dole," akasema. "Utachafua karatasi ya serikali."

Pesa zilifika baada ya miezi mitano, nazo hazikutosha hata nusu ya mianzi. Akajenga banda nusu, akapanda miche aliyopewa na jirani. Nityananda huja kila asubuhi kumsaidia kufunga nguzo. Anaoga kwanza, anavua viatu, anafunga kamba ovyo. Akishaondoka, Shangazi huzifungua zote, akazifunga upya, na kesho yake humwekea bakuli la wali na samaki wa kukaanga.

"Kazi nzuri, shemeji," humwambia. "Kula."