Bei ya mti wa mama mkwe

Mwanamume mwenye ovaroli ya kijani amelala chali kwenye nyasi za ua wa watu, mikono kifuani, jicho moja limefumbwa. Mwenye nyumba, ambaye amemkaribisha mwenyewe sasa hivi, anatoka jikoni mbio na kikombe cha maji.

"Jamani, fundi ameanguka!"

"Sijaanguka, mama," anajibu aliyelala, bila kugeuza shingo. "Napiga hesabu. Sogea kidogo hapo, unanizibia tawi."

Mama anasogea. Fundi anainuka, anajipangusa, anauzunguka mti mara tatu. Anagonga shina kwa kisogo cha shoka na kutega sikio. Anachungulia ng'ambo ya ukuta kwa jirani, kisha anauliza swali ambalo wateja wengi hawalitarajii.

"Kuni ni zako au zangu?"

Huyu ndiye Mzunguko, fundi wa kukata miti mwenye umri wa miaka arobaini na saba. Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho. Mtaani hata wanawe huitwa watoto wa Mzunguko.

"Watu wanadhani kazi yangu ni kukata," anasema akitoa majani nyweleni. "Kukata ni kazi ya msumeno. Kazi yangu mimi ni kujua bei kabla msumeno haujawashwa. Ukikosea bei ya nyanya, utakula nyanya zako. Ukikosea bei ya mti, mti ndio utakaokula wewe."

Anajua anachokisema, kwa sababu alishaliwa.

Alianza kama mpakiaji mbao kwenye ghala. Siku moja jirani alimwomba amkatie mti uliokuwa nyuma ya bafu la nje. Mzunguko, ambaye wakati huo alikuwa bado hajazunguka chochote, aliutazama mti akiwa getini na kutaja elfu arobaini. Mwenye mti alikubali haraka mno. "Hapo ningeshtuka," anasema. "Mteja akikubali kabla hujamaliza kutamka, jua umeacha kitu."

Alichoacha ni kwamba shina lilikuwa na uwazi ndani, limeliwa na mchwa. Lilipoguswa na msumeno halikungoja kuelekezwa. Liliangukia bafu, na ndani ya bafu alikuwamo baba wa nyumba, ambaye alitoka mzima wa afya, mwenye povu kichwani na ndoo mkononi, akikimbia kuelekea barabarani kabla ya kukumbuka hali yake na kurudi kinyumenyume.

"Niliingia pale nikiwa mkata miti, nikatoka nikiwa mjenzi wa bafu," anasema Mzunguko. Ilimchukua miezi minane kumaliza ujenzi huo. Tangu siku hiyo hajawahi kutaja bei akiwa getini.

Kwa mwezi mzuri hupata miti minne au mitano. Mti wa laki mbili, akishawalipa wenzake wawili wa kamba, akanunua mafuta ya msumeno na kukodi gari la kuzoa matawi, humwachia kama elfu sitini. Kipindi cha utulivu anaweza kumaliza wiki tatu bila simu hata moja. "Upepo ukivuma, wenzangu wanashikilia mabati yao," anasema. "Mimi nashikilia simu."

Lakini mti uliomtoa jasho kuliko yote haukuwa wa mteja. Ulikuwa wa mama mkwe wake.

Mama mkwe ni mkunga mstaafu wa miaka sabini na moja, mwembamba, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Nusu ya mtaa anaoishi ilizaliwa mikononi mwake, naye hajasahau hata mmoja. Mwenye duka akimtajia bei isiyompendeza, humtazama kwa muda kisha humwambia, "Wewe ulitanguliza miguu. Nilihangaika nawe mpaka mgongo ukaniuma, hata asante hukusema." Bei hushuka yenyewe.

"Bahati yangu nilizaliwa mbali," anasema Mzunguko. "Hana ushahidi wowote dhidi yangu."

Mwaka jana mkaratusi mrefu ulioko nyuma ya nyumba ya bibi huyo ulianza kuinamia paa la chumba anacholala. Akampigia mkwewe simu. Mzunguko akaenda, akalala chini, akazunguka, akagonga, akachungulia kwa jirani. Aliona waya wa umeme unapita upande mmoja, ukuta wa jirani upande wa pili, na katikati chumba cha mama. Mti kama huo hauangushwi. Fundi huukwea, akaushusha kipande kwa kipande kwa kamba.

"Laki mbili na nusu, mama," alisema, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

"Unanitoza mimi?"

"Sikutozi wewe, mama. Nautoza mti."

"Mti una mfuko?"

Mzunguko alijaribu kueleza kuwa yeye binafsi hajajiwekea hata shilingi. Hizo ni za watu wa kamba, mafuta, gari, na fungu la kurekebisha ukuta wa jirani kama lolote likitokea. Maelezo hayakufika mbali. Mama mkwe alishaingia ndani na kufunga mlango taratibu, jambo ambalo kwa wanaomfahamu ni baya kuliko kuubamiza.

Nyumbani, mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alimpokea na sindano mdomoni.

"Ungemwambia bure tu, mume wangu. Ni mama."

"Na wale wa kamba nao niwaambie ni mama yao?"

Mama mkwe hakungoja. Alimtafuta mkata miti mwingine, kijana wa mjini anayejiita Fasta, ambaye hupiga bei kwa simu. Mteja hutuma picha, yeye hujibu tarakimu. Mama alitoka uani, akainua simu ya mjukuu aliyekuja kumtembelea, akaona mti umekaa upande katika kioo, na kwa kuwa yeye ni mtu wa unadhifu, akaiinamisha simu mpaka mti ukasimama wima. Akapiga picha, akatuma.

Jibu lilikuja papo hapo: "Elfu sitini mama angu. Mti mwepesi huo. Ila nyumba yako mbona imeinama?"

Rahisi huvunja upishi, wahenga walisema, ila hawakusema huvunja upishi kwa namna gani. Fasta alipofika alisimama chini ya mkaratusi kwa muda mrefu, mdomo wazi, simu mkononi, akilinganisha picha na kitu chenyewe. Aibu ya kurudi mikono mitupu ikamshika. Akakwea ngazi, akakata matawi yote aliyoweza kuyafikia bila kuhatarisha shingo yake. Matawi hayo yalikuwa ya upande wa nje, mbali na nyumba. Kwa maneno mengine, yalikuwa ndiyo yanayouvuta mti usilalie paa. Kisha akasema anakwenda kuchukua kamba.

Kamba hiyo inachukuliwa mpaka leo.

Jioni upepo ulipoanza, mkaratusi ulilia kama mlango usiotiwa mafuta. Mama mkwe aliutazama, akalitazama paa, akafunga begi. Jua halijazama akawa amesimama mlangoni kwa Mzunguko.

"Nimekuja kukaa," alisema, "mpaka mti wangu ukatwe."

Nyumba ya Mzunguko ina vyumba viwili na sebule. Chumba kimoja ni cha watoto watatu na cherehani. Kwa hiyo mama mkwe alilala kitandani na bintiye, na Mzunguko akalala kwenye kochi ambalo ni fupi kuliko yeye kwa kiasi cha miguu yote. Kila alfajiri alimkuta mama mkwe amesimama juu yake akisikiliza pumzi.

"Unakoroma upande wa kushoto tu," alimweleza. "Hiyo si dalili nzuri."

Siku ya tatu Mzunguko, shingo imekaza, alikwenda kuukadiria mti upya. Akarudi na bei. Hapo ndipo ilipokuwa kazi.

"Laki tatu na ishirini, mama."

Bibi aliweka kijiko chini. "Nisikilize vizuri, baba. Mti ulipokuwa na matawi yote, laki mbili na nusu. Sasa umepungua nusu yake, umepanda bei?"

Watoto waliacha kutafuna.

Mzunguko anakiri kuwa alikaribia kushindwa. Angeweza kusema bure, akope, aukate, na arudishiwe kitanda chake. Lakini alijua kuwa akibana gharama angepunguza mtu mmoja wa kamba, na mti ule ulihitaji watatu, si wawili. "Na chini ya mti ule ni chumba cha mama wa mke wangu," anasema, kwa mara ya kwanza bila kutabasamu. "Nikikosea, narudi kwa nani?"

Akamwomba mama mkwe waende pamoja. Walipofika uani alimzungusha mti, akimwonyesha uzito ulikobaki, ulikoondolewa, na ufa mwembamba uliofunguka shinani tangu Fasta aondoke. Katika mzunguko wa kwanza bibi alilalamika kuhusu magoti. Wa pili aliyasahau magoti. Wa tatu alisimama, akaweka viganja vyote viwili kwenye gome, akapapasa polepole kuelekea juu.

"Kumbe amelala vibaya," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na yule mpumbavu alianza kumvuta kabla ya kujua kichwa kiko wapi."

"Ndivyo hasa, mama."

Bibi alivua miwani, akaifuta kwa kanga. "Miaka arobaini waume za watu walikuwa wakinishika mlangoni: mkunga, atajifungua saa ngapi, itakuwa shilingi ngapi? Nami nawajibu, nitasemaje na sijampapasa?" Akamgeukia mkwewe. "Ungeniambia hivi tangu mwanzo ningekuelewa. Nyie mnaongea habari za mafuta na magari. Haya, nisomee bei yako."

Akasomewa. Watu watatu wa kamba, sawa. Mafuta, sawa. Gari, hapana, kuni atachukua mwenyewe, matawi atawapa majirani. Fungu la ukuta, sawa. Fundi mwenyewe?

"Mimi sijajiweka, mama."

"Jiweke. Nani amekuambia mimi ni wa kuhurumiwa?"

Akajiweka. Mwishowe kilibaki kifungu kimoja ambacho Mzunguko huongeza kwenye kila mti unaoinamia nyumba, na ambacho hajawahi kukieleza kwa mteja. Bibi alidai ajue ni nini.

"Hofu, mama."

"Hiyo silipi. Ukiogopa, niite."

Wakaafikiana kwa laki mbili na themanini.

Siku ya kazi, hapakuwa na haja ya kumwita bibi. Alikuwa uani kabla ya wote, amevaa koti lake la zamani la kazini, mikono kiunoni. Mzunguko alipopanda na kufunga kamba kwenye kipande cha kwanza, sauti ilipaa kutoka chini na kuvuka nyumba tatu.

"Bado! Bado! Msivute!" Watu wa kamba, wawili kati yao wakiwa wamepokewa duniani na sauti hiyohiyo, waliganda. "Pumueni! Haya sasa, taratibu, taratibu... sukuma!"

"Mama, wanavuta, hawasukumi," Mzunguko alisema kutoka juu.

"Wewe huko juu funga mdomo, fanya kazi!"

Kipande kikashuka kama mtoto anayelazwa kwenye godoro. Kikafuata cha pili, cha tatu. Majirani walijaa ukutani, na kila kipande kilipogusa ardhi walipiga vigelegele. Kufikia alasiri kilibaki kisiki. Ukuta wa jirani ulikuwa salama, waya salama, paa salama. Hasara ilikuwa beseni moja la plastiki, ambalo mama mkwe alilikanyaga mwenyewe kwa msisimko.

Alilipa pale pale, mbele ya majirani wote, akihesabu kwa sauti kubwa ili asije mtu akasema alikatiwa bure.

Habari zilienea. Wateja sasa wanapomwita Mzunguko, wengine huuliza kama atakuja na yule bibi. Amekwenda naye mara mbili kutaja bei, na anakiri kuwa hakuna aliyethubutu kupunguza hata senti.

Anaweka akiba anunue kamba mpya na mkanda bora wa kupandia. Lakini hilo si lengo lake la kwanza mwaka huu. Lengo la kwanza linahusu mama mkwe, ambaye baada ya mti kukatwa alirudi kwake siku mbili tu, kisha akatokea tena mlangoni na begi.

"Mmenikatia kivuli," alisema. "Chumba kile sasa ni tanuri. Nitakaa hapa mpaka mpate la kufanya."

Wiki iliyopita Mzunguko alimwita seremala aje kukadiria baraza la kuezekwa nyumbani kwa mama mkwe, upande wa jua. Seremala alisimama getini kwa bibi, akatupa jicho moja, akataja bei ambayo, kwa maoni ya mtu yeyote mwenye akili timamu, ilistahili kubishaniwa mpaka magharibi.

Mzunguko alisugua shingo yake. Akawaza nyumbani kwake, ambako mama mkwe alikuwa akitandika kitanda.

"Unaanza lini?" akauliza.