Walivyomwamsha Ilunga

Harufu ya mafuta ya mentoli bado inanipandisha hasira. Juzi wifi yangu alimpaka mwanawe kifuani, mtoto akikoroma mchana kweupe, na watu sebuleni wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimkumbuka mdogo wangu Ilunga, kule Likasi, yeye akiwa na miaka sita nami tisa.

Baba aliona fahari. "Mutoto wangu anakoroma sawa mukubwa," aliwaambia wenzake wa mgodini, nao wakamsifu. Shuleni hakusifiwa na mtu: alisinzia juu ya daftari, mwalimu akamwita mvivu na kumpigisha magoti mbele ya ubao. Mtoto wa miaka sita, jamani, anaadhibiwa kwa ugonjwa.

Aliyejua ni mimi. Baada ya shule tulilala godoro moja, mkono wangu kifuani pake penye mafuta ya mentoli aliyopakwa na mama. Alikoroma, kisha kimya, pumzi imekatika huku kifua kikihangaika. Moyo wake ulipunguza mwendo chini ya kiganja changu, ukagonga, ukangoja, ukagonga tena kwa shida. Halafu alishtuka, akavuta hewa kwa nguvu, na moyo ukakimbia kama kinu cha mahindi umeme unaporudi. Nikamwambia mama, naye akatupeleka zahanati.

Tulienda mara mbili. Mara zote Ilunga alilala kwenye benchi tukingoja zamu, na mara zote mama alimtikisa mlango ulipofunguka. "Lamuka, ulamukie munganga." Mama alikuwa na msemo wake, kwamba mtoto asiyesalimu watu ni aibu ya mama yake. Basi Ilunga aliamka, akasalimu vizuri, munganga akasikiliza kifua cha mtoto aliye macho na kusema, "Moyo iko muzuri. Murudie ku nyumba." Ungeachaje kuwa mzuri? Ugonjwa ulikuwa usingizini, nao waliufukuza kwa adabu zao kabla ya kuutafuta.

Mara ya tatu niliushika mkono wa mama. "Mama, umuache analala." Akanizaba kofi mbele ya watu wote. Sikumwachia. "Munganga, sikiliza vile analala," nilisema huku nalia. Sijui alinihurumia au alichoka na kelele, lakini alipiga goti kando ya benchi, akaweka chombo chake kifuani. Alisikiliza hadi pumzi ikakatika na kurudi. Kisha akamwamsha mwenyewe na kummulika kooni kwa tochi: nyama mbili zilikuwa zimevimba hadi karibu kugusana. Zilikatwa Lubumbashi, na Ilunga akaacha kusinzia darasani. Mwalimu hakumwomba radhi, wala mama hakuniomba mimi.

Nilipozaa ndipo nilipoelewa kwamba mama aliogopa: aliogopa lile koti jeupe, aliogopa kuonekana hajui kulea. Namwelewa, lakini hasira haijaniisha.

Ilunga sasa ni baba mwenye ndevu. Akija kwangu husinzia kitini baada ya chakula, kimya kabisa, na wageni wakiingia hunitazama wakingoja nimwamshe awasalimu. Simwamshi.