Kusali Bila Mkalimani

Kwa miaka mingi nilikuwa mkalimani wa kanisa letu kule Kabuchai. Mgeni akija kuhubiri kwa Kiingereza, mimi husimama kando yake. Anasema sentensi moja, ananyamaza. Naitoa kwa Kiswahili, wazee wanaitikia, naye anaendelea. Niliipenda kazi hiyo na bado namshukuru Mungu kwa ajili yake. Sikujua kwamba ilikuwa imeyafundisha masikio yangu kungoja.

Nilikuja kulijua hilo nilipofika Kitale. Miaka ile ya elfu mbili, walimu wengi wa shule za msingi tulijiunga na chuo kikuu kwa mpango wa kusoma wakati wa likizo. Shule zikifungwa, unamwachia mume shamba, unabeba godoro, unakwenda. Mhadhiri wetu alizungumza Kiingereza kama mvua ya Aprili, bila kupumzika. Nilishika sentensi yake ya kwanza, nikaigeuza kichwani kwa Kiswahili kizuri, na nilipoinua macho wenzangu walikuwa wamefungua ukurasa mwingine.

Kisha ikaja habari ya semina. Kila mmoja angesimama aeleze mada yake kwa Kiingereza, na atakayeshindwa angerudia kozi mwaka ufuatao. Mwaka mwingine sikuwa nao. Mume wangu alikuwa na kifua kibovu. Alikuwa amekubali kulima peke yake hadi nimalize, na kila niliporudi nyumbani nilikuta amekonda kidogo zaidi, akisema ni jua.

Tulipofanya mazoezi na wenzangu, nilisema sentensi yangu ya kwanza kwa Kiingereza, nikatulia, kisha nikaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kwa ile sauti ya kanisani. Sikuona nilichofanya mpaka nilipofika sentensi ya tatu na kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Ati sadaka inapitishwa saa ngapi?" Walicheka, nami nikacheka nao, lakini nilirudi chumbani nikiwa na uzito.

Chumba nilikikodi pamoja na binti niliyemfundisha darasa la tatu. Sasa alikuwa mwalimu kama mimi, tukiketi dawati moja, na bado hakuweza kuniita kwa jina lingine ila Mwalimu. Nilimkuta akichambua sukuma wiki. Hakuniambia pole. Aliniuliza kama huwa najua ninachongoja nikishanyamaza pale mbele. Nikasema sijui.

"Unangoja mkalimani, Mwalimu. Na leo hakuja."

Tulicheka mpaka mama mwenye nyumba akagonga ukuta. Kisha akanipa wazo ambalo sikulipenda: asubuhi, kabla ya masomo, tusali pamoja kwa Kiingereza. Nilimwambia kwamba Kiingereza nimekitumia kuwasemea watu, sijawahi kumsemesha Mungu nacho. Akasema basi ndiyo sababu. Kwa Mungu hakuna anayesubiri nimfasirie.

Tuliamka kwa adhana ya msikiti wa jirani, tukapiga magoti. Siku za kwanza niliona kama nimevaa nguo ya kuazima mbele ya Baba yangu. Niliomba kwa maneno makubwa ya wahubiri, yakaisha upesi. Halafu asubuhi moja nikaomba kuhusu kile kifua cha mume wangu. Nikaeleza anavyokohoa akibeba maji, anavyonificha, ninavyoogopa. Nilipofika mwisho, binti akaniambia taratibu kwamba sikutua kumngoja mkalimani hata mara moja.

Tangu siku hiyo nilianza kumsikia mhadhiri. Si yote, lakini nilikwenda naye.

Siku ya semina nilisimama, nikashika ukingo wa meza, nikaeleza namna mtoto anavyojifunza kusoma. Nilizungumza kama ninavyozungumza asubuhi. Na kwa kuwa nilizungumza hivyo, nilipomaliza nikasema "Amina."

Darasa zima likaitikia. Yule kijana wa nyuma ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Mhadhiri aliinamisha kichwa, sijui kama alikuwa akicheka, kisha akaniambia nimepita na nikae.

Nilirudi nyumbani kupitia Kamukuywa, nikanunua ndizi anazopenda mume wangu. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya zizi. Nikamsimulia yote, na nilipofika pale kwenye Amina alicheka hadi akakohoa, akanishika mkono mpaka kikohozi kikatulia. Yeye Kiingereza hakukisoma.

"Hebu niombee hivyo hivyo, mama," akasema. "Na usinitafsirie. Anayeombwa anaelewa."

Nikaomba. Aliinamisha kichwa mpaka mwisho, akaitikia Amina, kisha akainuka polepole kwenda kufunga ng'ombe.