Mapera Kwenye Shimo la Ndizi

Enzi zetu pale Makere, mtoto aliyezidisha kuuliza "kwa nini" alitumwa maji mtoni. Mimi nilichota maji mengi. Ninyi mliokula viazi vya kuchomwa kwenye majivu na kukimbilia shule miguu peku ndani ya ukungu mnanielewa. Basi mtanisamehe nikijisifu kidogo, maana sababu ninayo.

Nilikuwa darasa la sita dada yangu Domina alipochumbiwa na kijana wa Munanila, na wakwe wakatuma habari kwamba wanakuja kuleta mahari. Kwetu mkwe hapokewi kwa maneno matupu. Anapokewa kwa pombe ya ndizi, na ndizi za pombe huvundikwa kwanza: shimo linapashwa moto, linatandikwa majani ya mgomba, ndizi zinapangwa humo na kufukiwa. Zikiiva ndipo zinakamuliwa kwa nyasi. Sisi watoto tulizoea kuivizia ile juisi kabla haijachacha, tukainywa mpaka matumbo yakalia.

Mvua za mwaka ule zilikuja na baridi kali. Tulipofukua shimo, ndizi zilikuwa kijani vilevile kama zilivyokatwa. Baba alikaa chini pembeni ya shimo, kofia mkononi. Wakwe warudi Munanila koo kavu? Habari ingefika Kasulu kabla yao. Baba mdogo akashauri tukanunue bia za kreti mjini.

"Mkwe wangu nimpokee kwa chupa?" baba akamjibu. "Bora nijifiche chumbani."

Hapo nikasema nilichokijua. Nilikuwa na tabia ya kuficha mapera mabichi kwenye sanduku la nguo, na nilishaona kwamba nikitia humo pera moja lililoiva sana, mengine nayo yanaiva upesi. Kwa nini tusitie mapera yaliyoiva shimoni?

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Mama akanitolea macho, nikajua natumwa maji. Lakini bibi, mama yake baba, akasema, "Mwacheni mwana wanje, mwanangu huyu, ajaribu. Ndizi zimekwisha kutukatalia, zitatukatalia nini tena?"

Baba akalipasha shimo moto upya. Mimi na watoto wa jirani tukakusanya mapera na maparachichi yaliyolainika, tukayachanganya na ndizi, tukafukia. Siku ya kufukua, harufu tamu ilitoka kabla hata hatujaondoa majani. Ndizi zote njano! Mama alipiga vigelegele peke yake. Wakwe walikunywa, wakaimba, wakasahau kuondoka. Baba akasimama mbele yao akasema, "Ndizi za pombe hii kaziivisha huyu binti yangu. Akikua, msije kumposa kwa mbuzi wawili!"

Nilimuuliza mwalimu sababu yake, akasema mengine ni ya Mungu. Nikakua na swali langu. Nilikuja kusomea uhandisi wa barabara, mambo ya kokoto na lami, na huko chuoni, ndani ya kitabu cha mimea ambacho hakikunihusu hata kidogo, nikakutana na jibu: tunda linaloiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo huyaivisha matunda yaliyo jirani. Nililia maktabani kwa furaha. Hakuna aliyekuwa amenifundisha uandishi, lakini niliandika makala yangu ya kwanza, nikaenda nayo nyumbani kumsomea baba.

Alinisimamisha kwenye sentensi ya pili. "Hapo sijaelewa. Rudia."

Nikarudia.

"Bado."

Nikayatupa maneno makubwa yote. Nikasema tunda lililoiva linapumua, na pumzi yake ndiyo inayoyaambia mengine kwamba wakati umefika.

"Ego," akasema, yaani ndiyo. "Sasa umeandika."

Hiyo ndiyo shule yangu ya uandishi, na naitaja kwa kifua mbele. Makala zangu za gazetini, na vitabu vinavyosomwa leo na watoto wa Kibondo na Kasulu, vyote vilipita kwanza kwenye masikio ya yule mzee.

Siku hizi wakwe wanapokelewa kwa kreti za soda, na vijana wetu wana jibu mfukoni kabla swali halijawawasha. Nikiweka makala mtandaoni, wananiwekea dole gumba kabla hawajafika aya ya pili. "Umetisha, mama injinia!" Nashukuru, wanangu. Lakini tangu tumzike baba, hakuna hata mmoja aliyeniambia hajaelewa.