Kisanduku Ndani ya Tangi la Chewa

Miaka kumi na tisa Mama Ndoo alilisha samaki katika jumba lile la maonyesho, na miaka yote hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alifika kabla mlango haujafunguliwa, akakata ngisi vipande, akajaza ndoo mbili, akapanda ngazi ya chuma nyuma ya matangi. Mumewe alizoea kumwambia kwamba hata akioga mara tatu bado ananuka kazi. Alisema kweli, lakini mtu mwenye adabu angenyamaza.

Wageni walimpenda. Aliwaonyesha farasi wa bahari na kuwaambia kwamba kwa hawa dume ndiye anayebeba mimba. Wanawake wakacheka, wanaume wakatazama saa. Kisha aliwapeleka kwa chewa, jitu la samaki lenye midomo minene, lililokula mkononi mwake tangu likiwa dogo.

"Huyu nilimpokea jike," angesema. "Amekua, amegeuka dume, na sasa ana maringo kumshinda bosi."

Msimamizi wa matangi alipostaafu, kila mtu alijua cheo ni cha nani. Bosi akampa mdogo wa mkewe, aliyekuwa akiuza simu. Wote wakamwita Shemeji. Siku ya kwanza Shemeji alimkabidhi Mama Ndoo fagio. Roho ilimuuma mama wa watu. Tangu hapo akawa anamwombea Shemeji mabaya, kwa utaratibu, asubuhi na jioni.

Mabaya hayakukawia. Aliletwa samaki mgeni, mdogo, wa manjano, mwenye mwili wa pembe nne, wakamwita Kisanduku. Ukimtazama utamhurumia. Kumbe akitishwa hutoa sumu kwenye ngozi, na ndani ya tangi, ambamo hakuna pa kukimbilia, sumu hiyo huua wenzake, kisha yeye mwenyewe. Kwa hiyo hukaa peke yake, na huhamishwa kwa beseni, taratibu, bila kufukuzwa kwa wavu. Hayo yote Mama Ndoo alimweleza Shemeji, wakiwa wawili tu stoo.

"Mama, kipande hiki cha sabuni ndicho cha kunitisha?" Shemeji akasema. "Wewe kazi yako ndoo. Mengine niachie."

"Haya, nimekuachia."

Siku bosi alipoleta wageni wake, Shemeji akataka tangi kubwa lipendeze. Akamtia Kisanduku humo kwa chewa na samaki wengine wadogo, na alipomwona amejibanza nyuma ya jiwe, akachukua wavu na kuanza kumkurupua. Mama Ndoo alikuwa juu ya ngazi. Pembeni yake palikuwa na tangi la akiba, maji tayari. Kumvusha chewa kungechukua dakika tatu. Alishamzoeza kuingia mwenyewe kwenye turubai la kuhamishia.

Akakunja mikono. Mwache aumbuke, akasema moyoni.

Samaki wadogo ndio waliotangulia kugeuka tumbo juu. Chewa alizunguka mara mbili, akitweta, kisha akaja moja kwa moja kwenye pembe anapolishiwa, chini ya miguu ya Mama Ndoo, akafungua mdomo. Mama Ndoo akamtazama. Akamtazama na bosi kule chini, ambaye bado alikuwa akicheka na wageni, akangoja aone. Bosi alipoona, chewa alishalala ubavu.

Ofisini bosi aliwasimamisha wote wawili mbele ya meza yake. Shemeji alikuwa analia, akiapa kwamba hakuna aliyemwambia lolote.

"Mama Ndoo," bosi akasema, "wageni wamekuona kule juu, umekunja mikono mwanzo hadi mwisho. Nijibu. Ulijua kwamba yule samaki ana sumu?"

Jibu lilikuwa mdomoni tangu asubuhi. Lakini akisema alijua, basi aliyesimama kutazama samaki wakifa ni yeye, na leo hii anarudi nyumbani bila kazi.

"Sikujua, bosi."

"Miaka kumi na tisa, hukujua?"

"Sikujua."

Bosi akashusha pumzi, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. "Ndiyo maana cheo sikukupa wewe."

Wiki iliyofuata Shemeji aliagizwa kuwafundisha wafanyakazi tabia za samaki. Mama Ndoo alikaa mbele, daftari magotini, akaandika neno kwa neno yale aliyomweleza yeye mwenyewe kule stoo.